Ukungu wa Stesheni ya Kusabue

Juni 7

Redio imetangaza leo kwamba msimu wa mvua umeingia. Sisi wa Kusabue tulishajua tangu juzi. Vyura wa majaruba ya mpunga nyuma ya stesheni walianza kuimba mchana, na ngazi za jukwaa zimeota ule utelezi wa kijani ambao Bi Isurugi huusugua kwa brashi huku akiulaani kwa sauti ya upole.

Nimeamua kuandika kila siku mpaka mvua zitakapokatika. Mama anasema woga ukiandikwa hupungua. Sina hakika. Mimi ni karani wa stesheni, bado niko katika kipindi cha majaribio. Nimesoma chuo kikuu, nimeandika tasnifu kuhusu vitongoji vinavyokua kando ya reli, na sasa naogopa simu ya ofisini inapolia.

Asubuhi tuko watatu: Bwana Nukaga, mkuu wa stesheni; Bi Isurugi, aliyeanza kazi hapa wakati tiketi zilipokuwa zikitobolewa kwa mkono; na mimi, Orihara. Bwana Nukaga hapandishi sauti kamwe. Hilo ndilo linalonitisha.

Juni 9

Nimemkanyaga abiria mguu kwenye mageti. Nimemwomba radhi. Naye ameniomba radhi kwa kuuweka mguu wake pale.

Juni 11

Asubuhi ukungu hupanda kutoka majarubani na kulifunika jukwaa mpaka magotini. Abiria waendao kazini mjini husimama ndani yake kwa safu, kimya, kama watu waliopandwa. Kisha treni inatokea kwenye kona, taa kwanza, halafu kioo, halafu sauti, na kwa muda kidogo sijui kama imefika kweli au bado naiota. Leo niliwaza kwamba labda Kusabue yote iko chini ya maji, na sisi tumezoea tu kupumua.

Si mawazo ya kumfaa mtu mwenye kazi yangu. Nasimama kwenye alama nyeupe mwisho wa jukwaa nikiwa na bendera ya kijani. Treni ya haraka, ambayo haisimami kwetu, naikunjulia bendera: pita. Treni ya kawaida, bendera inabaki imekunjwa: simama. Kila mara nanyoosha kidole kuelekea reli na kutamka kwa sauti ninachokifanya, "Inasimama!" au "Inapita!", hata kama hakuna anayesikiliza. Ndivyo tunavyofundishwa. Mkono na mdomo vikifanya kazi pamoja, akili haipati nafasi ya kutoroka.

Yangu hutoroka.

Dereva ninayempenda kuliko wote ni Bwana Kagotani. Treni zetu ni za mabehewa mawili na hazina kondakta. Dereva anaendesha na kufungua milango mwenyewe. Yeye yuko karibu kustaafu. Treni yake husimama kama mtu anayeweka yai mezani. Akiondoka hunipungia mkono wenye glavu nyeupe, na siku yangu inaanza vizuri.

Juni 13

Leo lazima niandike.

Ukungu ulikuwa mzito kuliko siku zote. Treni ya kawaida ya Bwana Kagotani ilitokea kwenye kona, na haikupunguza mwendo. Ilipita. Vichwa vya abiria wote jukwaani viligeuka pamoja, kulia kwenda kushoto. Bwana mmoja aliyekuwa ameshainua mguu ili apande aliushusha taratibu palepale ulipokuwa. Ndani ya mabehewa niliona nyuso za waliojiandaa kushuka, mikoba mikononi, zikipita zikinitazama mimi. Hakuna aliyepiga kelele. Treni ilikwenda kusimama mbele, kule baada ya barabara inapokata reli, ikakaa huko ndani ya ukungu ikipumua. Treni hairuhusiwi kurudi kinyumenyume. Baadaye ikaamriwa iendelee tu mpaka Mizuhiki.

Nilitazama mkono wangu. Bendera ilikuwa imelowa, nusu imekunjwa, nusu imefunguka. Kabla ya hapo nilikuwa namtazama konokono aliyekuwa akipanda nguzo ya taa. Nilikuwa nimetamka nini? Nilitafuta neno langu kichwani, sikulikuta. Palikuwa na konokono tu.

Bwana Nukaga alitoka ofisini bila kofia. Kabla hajafungua mdomo, mimi nilikuwa nimeshainama mpaka nywele zikagusa magoti.

"Ni kosa langu. Nadhani nilikunjua bendera."

"Unadhani?"

"Nilikunjua."

Ndivyo nilivyosema. Neno la kwanza lilikuwa na shaka, la pili halikuwa nayo, na kati yao hapakupita hata pumzi.

Tuligawa vile vikaratasi vya kuthibitisha kuchelewa, ili kila abiria akamwonyeshe mkubwa wake kazini kwamba kosa ni la reli, si lake. Kila niliyempa kikaratasi aliniinamia. Mama mmoja alisema, "Pole, binti, mvua hizi zinachosha." Ningependa anizabe kofi.

Bwana Nukaga alipiga simu Nagitani, mwisho wa reli. Aliposhusha simu alisema, "Bwana Kagotani anasema aliona bendera imekunjuliwa."

Ajabu ni kwamba nilipata nafuu. Angalau sasa nilijua nilichofanya.

Juni 14

Nimepewa onyo. Watu wa usalama walikuja kutoka makao makuu, suti zao zikinuka mvua. Utaratibu wao ni huu: dereva akipita stesheni bila sababu anaondolewa kwenye treni siku hiyohiyo, anapimwa usingizi, moyo na macho. Kama sababu ipo, hapimwi.

"Safari hii sababu ipo," Bwana Nukaga alisema. "Sababu ni karani wangu."

Alisema kwa sauti ileile ya kawaida. Kisha, walipoondoka, akanipa koti la mvua la njano kutoka kabatini na kuamuru nilivae kila zamu, ili angalau mimi mwenyewe nijue niko wapi.

Bi Isurugi alinizunguka akinikagua. "Umependeza, mdogo wangu. Kifaranga aliyepata ajira."

"Bi Isurugi, usinicheke leo."

"Nicheke kesho? Kesho utakuwa umezoea, haitakuwa na utamu."

Juni 16

Mvua. Nimetamka kwa sauti kubwa mno, mtoto wa shule ameziba masikio.

Juni 17

Mvua. Maua ya ajisai kando ya uzio yamegeuka kutoka meupe kuwa ya buluu. Hakuna jingine.

Juni 19

Bwana Kagotani anakaa ng'ambo ya majaruba, na baada ya zamu hupitia ofisini kwetu kutia sahihi. Leo alileta matango ya bustani yake ndani ya gazeti.

"Orihara, chukua. Ni machungu kidogo kichwani, pakate."

Nilitaka kuingia chini ya meza. "Bwana Kagotani, mimi ndiye niliyepaswa kuja kwako na zawadi."

"Aa, mambo ya bendera yamekwisha. Nani hajawahi kukosea?" Alikuwa anatabasamu, lakini kuelekea kalenda iliyo nyuma yangu. "Ila hilo koti usilivue. Zuri sana. Tangu ulivae nakuona tokea kwenye kona. Kabla ya hapo palikuwa ni ukungu tu, nilikuwa nahisi tu kwamba upo."

Bi Isurugi alikuwa anaosha vikombe. Maji yakaendelea kutiririka, lakini vikombe vikaacha kugongana.

Matango yalikuwa matamu. Nimeyala na chumvi, wali na supu. Sijui kwa nini naandika kwamba sikushiba.

Juni 20

Mvua kutwa. Kwenye madimbwi ya jukwaani treni hupita juu chini, tena taratibu kuliko treni yenyewe.

Juni 22

Nimeelewa nikiwa napiga mswaki.

Kama kabla ya koti palikuwa ni ukungu tu, Bwana Kagotani aliionaje bendera yangu?

Nilibaki mbele ya kioo povu likinichuruzika mkononi. Nimejaribu kutafuta maelezo mengine. Huenda alisema tu ili kunifurahisha. Huenda siku ile ukungu ulifunguka kwake kwa sekunde moja. Nimesomea kutafuta maelezo mengine; naweza kuyapata kumi. Lakini yote yananitazama kama zile nyuso za madirishani.

Juni 24

Nimefanya jambo baya ili nijue.

Treni ya Bwana Kagotani ilipotokea kwenye kona, nilisogea kutoka kwenye alama nyeupe, hatua chache nyuma. Treni ikasimama hatua chache nyuma. Ya pili ilipokuja, ambayo pia ilikuwa yake, nilisogea mbele kidogo. Ikasimama mbele kidogo, taratibu, kama yai mezani, kioo chake sawa na bega langu. Abiria hawakutambua. Yeye alinipungia glavu.

Nilihisi kana kwamba nimeifunga ile treni kwa uzi na uzi umeingia kwenye ngozi yangu. Haendi kwa alama. Hata kwa stesheni haendi. Anakuja kwangu.

Juni 25

Leo ilikuwa siku yangu ya mapumziko. Niliamka, nikavaa koti, nikaenda kusimama jukwaani kwenye alama nyeupe.

"Huna kwenu?" Bi Isurugi aliuliza.

"Nilikuwa napita."

"Unapita huku umesimama?" Alinitazama kwa muda. Kisha akaniachia nafasi, na hakutania tena asubuhi nzima.

Juni 26

Jioni nilikwenda nyumbani kwa Bwana Kagotani. Alikuwa bustanini chini ya mvua nyepesi, akipapasa majani kutafuta matango. Alikuwa anayatafuta kwa vidole.

"Nani?" mkewe aliuliza kutoka ndani.

"Koti la njano," akajibu. Kisha kwangu, bila kugeuka: "Umekuja kwa ajili ya lile neno nililolisema. Nililisikia lilipotoka. Nikadhani labda wewe hukulisikia."

"Tangu lini, Bwana Kagotani?"

"Mwanzoni mwa baridi ya mwaka jana. Pembeni naona. Katikati pamekuwa kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Jua likiwaka naona vizuri, nakuapia, naona mpaka kunguru kwenye waya. Tatizo ni mvua hizi." Alinyoosha mgongo. "Nivumilie mpaka zikatike. Zikikatika nitakwenda mwenyewe hospitali, nitasema mwenyewe. Sitaki kuondolewa kama mzigo uliosahauliwa. Pale kitini mimi ni mtu. Nikishuka, mimi ni mzee mmoja mwenye matango."

"Na abiria?"

"Wewe si upo?"

Nilikubali. Naandika hapa ili nisije nikajidanganya baadaye: nilikubali, na nilipokuwa nikirudi kupitia tuta la majaruba nilijisikia mwepesi, kana kwamba nimefanya wema. Vyura walikuwa wakiimba pande zote. Taa za treni ya jioni zilipita mbali zikielea juu ya mpunga, na sikuweza kuona reli yoyote chini yake.

Juni 27

Redio inasema mvua zitakatika mapema mwaka huu.

Juni 28

Redio inasema huenda zikachelewa kidogo.

Juni 30

Mvua. Natamka "Inasimama!" na moyoni naongeza, tafadhali.

Julai 2

Asubuhi mashine ya tiketi iligoma. Bwana Nukaga akaniita dirishani niuze tiketi kwa mkono, na akampeleka Bi Isurugi jukwaani badala yangu. Sare yake ni ya buluu iliyokolea, na mwavuli wake vilevile. Ningeweza kumpa koti. Palikuwa na foleni mbele yangu, watu wanachelewa kazini, na mimi ni mtu ambaye hawezi kumwambia abiria "subiri". Nikaendelea kuhesabu noti huku nikisikiliza.

Nilisikia treni ya Bwana Kagotani ikiingia. Nilisikia breki, nikahesabu kichwani, nikajua kabla haijasimama. Ilikuwa inakwenda kasi mno.

Ilisimama mlango wa mbele ukiwa umeshapita mwisho wa jukwaa. Naye akaufungua.

Mlangoni alikuwa Bi Hirukawa, yule mzee anayeshuka kila siku kuja kumtazama dada yake, kapu la vitunguu vya majani mkononi. Kwa kuwa ana kawaida ya kutanguliza mwavuli na kuuegemea kabla ya kushuka, aliutanguliza. Mwavuli ukakosa sakafu, ukamponyoka, ukaenda chini kwenye mawe. Yeye akabaki ameshika nguzo ya mlangoni kwa mkono mmoja, kiatu kimoja hewani, vitunguu vikidondoka kimoja kimoja.

Nilikuwa nimeshaacha dirisha na foleni yangu. Nilipofika, kijana mmoja alikuwa amemvuta ndani kwa ukosi wa koti.

"Samahani sana," Bi Hirukawa alisema, akicheka kwa kutetemeka. "Nimekosea mlango."

"Samahani, nimekuvuta vibaya," kijana alisema.

"Samahani, sisi wa nyuma tungekuambia," abiria wengine walisema.

Bwana Kagotani alitoa kichwa dirishani na kuomba radhi kwa sauti iliyokatika. Bi Isurugi akaomba radhi kwa niaba ya stesheni. Hata mimi niliinama. Watu wote waliomba radhi, na hakuna aliyesema kilichotokea.

Treni ilipoondoka nilishuka relini kwa ngazi kuuokota mwavuli. Nikiwa kule chini nilitazama juu, kwenye ukingo ulipokuwa mlango. Ni mbali kuliko unavyoonekana mtu akiwa amesimama jukwaani. Mvua ilikuwa inanyesha usoni kwangu, na kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe sikuwa naota chochote. Niliona mawe, ukingo, na mwanamke mzee ambaye hakuanguka.

Ofisini Bwana Nukaga alikuwa anakunywa chai ya shayiri. Alikuwa ameshaamua kwamba sababu ni utelezi wa reli.

"Bwana Mkuu," nilisema, "nimekuja kuiondoa radhi yangu."

"Kuondoa nini?"

"Radhi niliyoiomba treni ilipopita. Sijui kama nilikunjua bendera. Lakini hata kama niliikunjua, Bwana Kagotani hakuiona. Haoni. Tangu siku ile anasimama kwa kulifuata koti langu. Leo koti halikuwepo."

Aliweka kikombe chini taratibu. "Orihara. Radhi si mzigo uliouweka ghalani kwetu, useme umekuja kuuchukua."

"Najua."

"Nimepokea radhi za kila aina katika ofisi hii. Za walevi, za wanafunzi, za mbunge mmoja. Hakuna aliyewahi kurudi kuidai yake. Imeshapokelewa. Imeshapelekwa makao makuu. Watu wameshatulia."

"Ikibaki huko, Bwana Kagotani ataendesha treni ya jioni."

Alikisogeza kikombe kando. Nje maji yalikuwa yanashuka kwenye bomba la paa.

"Unaelewa," akasema, "kwamba hapa mtu anayesema hakukosea ndiye anayeonekana mkosaji?"

"Ndiyo."

"Na kama umekosea kuhusu macho yake?"

"Basi nitaomba radhi upya. Lakini hiyo itakuwa ya kweli."

Ndipo Bi Isurugi, aliyekuwa akiosha vikombe nyuma yetu, akafunga bomba la maji.

"Hakukosea," alisema, bado ametupa mgongo. "Baridi yote iliyopita nilikuwa nikisimama pale na tochi ukungu ukishuka. Bwana Mkuu, ulidhani natafuta nini na tochi asubuhi? Alinisihi ninyamaze mpaka mvua za theluji zikatike. Zilipokatika akasema anaona vizuri, nami nikataka kuamini. Halafu huyu mtoto akabebeshwa kosa, na nikamwacha alibebe kwa sababu alilibeba vizuri."

Nilimtazama. Siku zote nilidhani ananitania kwa sababu haogopi chochote. Alikuwa analia bila sauti, mikono yake ikiwa na povu.

Bwana Nukaga alivaa kofia yake. Alipiga simu Nagitani akiwa amesimama wima, akaeleza yote, radhi yangu na kuondolewa kwake, na mwishoni akasema: "Kosa la kwanza ni langu. Nilipewa sababu rahisi, nikaipenda." Kisha akainama mbele ya simu, chini kabisa, ingawa upande wa pili hakuna aliyeweza kumwona. Nikajua kwamba sikuwahi kumwogopa kwa sababu yoyote ya kweli.

Treni ya jioni ililetwa na dereva mwingine.

Julai 4

Madereva hawanipungii mikono tena. Wananyoosha kidole, wanatamka, wanaondoka. Ni haki yao.

Julai 5

Mvua.

Julai 8

Majibu ya vipimo yametoka. Bwana Kagotani hataendesha tena. Daktari amesema ugonjwa ungetambuliwa mapema, katikati ya macho pangeweza kuokolewa zaidi. Sasa watajaribu kuokoa kilichobaki. Nimefanya hesabu ya siku nilizokubali kumvumilia. Bi Isurugi amefanya hesabu ya baridi yake. Hatukuambiana tulichopata.

Kipindi changu cha majaribio kimeongezwa, kwa sababu maelezo yangu yalibadilika. Bwana Nukaga aliniletea habari hiyo mwenyewe. Alipomaliza aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayepita chini ya boriti.

"Utabaki?" aliuliza.

"Kama nitaruhusiwa."

"Nakuuliza wewe."

Nikasema nitabaki. Sauti yangu ilitoka ndogo, lakini haikurudi nyuma.

Julai 12

Nilipita karibu na bustani yake. Matango yameachwa kwenye mashina, yamekuwa makubwa na manjano. Mapazia yamefungwa. Sikusimama.

Julai 15

Mvua, kisha jua dakika chache, kisha mvua. Bi Isurugi amenifundisha kusugua ngazi bila kuumia kiuno. Tunazungumza kidogo kuliko zamani, na kwa ukweli zaidi.

Julai 18

Mvua zimekatika. Redio imesema asubuhi, lakini nyenje walitangulia kusema. Reli zinang'aa mpaka haziangaliki. Kutoka jukwaani naona majaruba yote, tuta, nyumba za ng'ambo, nguo kwenye kila kamba. Kumbe kila kitu kilikuwa karibu hivi.

Baada ya msongamano wa asubuhi kuisha, mtu aliyevaa kofia ya majani alikuja kwenye mageti akiwa na fimbo. Alitafuta kwa vidole mahali pa kugusisha kadi yake. Nikatambua vidole kabla ya uso. Nilimfungulia geti la pembeni.

"Nani huyo?" aliuliza.

"Orihara, Bwana Kagotani."

"Ee." Akasimama. "Nakwenda Nagitani, hospitali. Mke wangu alitaka kunisindikiza, nimekataa. Nimemwambia nikipotea kwenye reli hii basi nizikwe."

Tulikwenda pamoja kwenye benchi. Nilikaa mbali kidogo naye, kwa heshima au kwa woga. Alitazama mbele, kwenye ule mwanga ambao aliniapia kwamba ndani yake anaona kunguru kwenye waya. Kunguru walikuwepo. Hakuwataja.

"Nilikuchukia wiki nzima," alisema, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa. "Mke wangu shahidi. Nilikuwa nakuchukia mpaka mezani. Halafu siku moja mchana nikalala. Nikalala hasa, mpaka chai ikapoa. Sikuwa nimelala hivyo tangu mwaka jana. Kila nikifumba macho nilikuwa namwona mtu amesimama kwenye reli, na asubuhi inanibidi niende kumtafuta kwa macho haya."

Nilifungua mdomo.

"Usiombe radhi," akasema. "Nasikia siku hizi ukizitoa unarudi kuzichukua."

Nilicheka. Sikutegemea. Naye akacheka, akipigapiga fimbo sakafuni, halafu kicheko kikatuishia na tukakaa tukisikiliza nyenje.

"Sikumwona yule mama," alisema. "Bi Hirukawa. Nilisikia vitunguu vikianguka, nikadhani ni mvua." Akaiweka fimbo magotini. "Nimekwenda kwake jana. Nimemwambia hukukosea mlango, mama. Mlango ndio uliokukosea, na mwenye mlango ni mimi. Akaninywesha chai. Hakusema 'si kitu'. Nilishukuru kwamba hakusema 'si kitu'."



Aliinua fimbo kuelekea ubao wa ratiba, akiukosa kidogo. "Nisomee pale. Treni inayokuja inasimama wapi na wapi?"

"Unavijua vituo vyote, Bwana Kagotani."

"Navijua kwa kusimamisha treni. Sijawahi kusomewa nikiwa nimekaa."

Nikasoma. Kusabue, Mizuhiki, Aonuma, Tsukimori, Hoshikubo, Nagitani.

Alitikisa kichwa. "Mbio zote hizo za nini? Hakuna hata abiria mmoja aliyepata muda wa kushuka."

Nikaanza kusoma upya. Safari hii nilisimama kila kituo, nikangoja kidogo, kisha nikaondoka.